Maji ya Meno

Wenzangu mliobaki na boksi la barafu na chupa za sampuli, mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kupima maji. Nimekubali kwa sababu sasa nina muda mwingi kuliko ninavyopenda, na kuku wangu hapa Olasiti hawasikilizi hadithi. Vyeo na mishahara nitaviruka, havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa. Nitaandika zaidi kuhusu woga. Nyie wenyewe mlikuwa mkiniita Mama Hofu mkidhani sisikii. Nilisikia, na wala sikukasirika.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Nilidhani maabara ni mahali pa kukaa. Aliyenipokea alikuwa Mzee Lazaro, fundi wa maabara, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililokwisha kuwa la njano, ambaye ndiye aliyenifundisha karibu kila ninachokijua. Aliniangalia miguuni, akaniuliza kama nimekuja harusini. Akanitafutia gambuti za mtu aliyehamishwa, kubwa mno, nikazijaza magazeti, tukapanda nazo mlimani.

Alinipeleka kwanza kwenye dimbwi lililokanyagwa na ng'ombe, lina vyura na kinyesi. Kisha akanipeleka kwenye maji yanayotoka kwenye mwamba, meupe, baridi, na kando yake magimbi yameota vizuri. Akaniuliza, "Kati ya haya mawili, wewe utaogopa yapi?"

Nikamwonyesha dimbwi.

"Lile halina neno," akasema. "Hakuna mtu atakayempa mtoto maji yale. Ogopa haya yanayokutamanisha."

Nilicheka kwa adabu tu, kwa kuwa nilikuwa mgeni na nilikuwa na kiu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mzee yule hakuwa anatania.

Mambo ya vifaa niyaseme mapema kabla sijayasahau. Chupa isuuzwe kwa maji yaleyale unayokwenda kuyapima, hata kama uliiosha ofisini mpaka ikang'aa. Sampuli ya naitreti ikae kwenye barafu, isiachwe juu ya dashibodi huku dereva na afisa wanakula nyama choma Usa River. Zile karatasi za kupimia zifungwe vizuri kwenye kopo lake, maana ukungu wa Meru huziharibu upesi. Karatasi ikizama kwenye maji salama hubaki nyeupe. Ikikutana na naitreti hugeuka waridi, na naitreti ikizidi huelekea zambarau. Ni rangi nzuri sana, ingefaa kwa sare ya kwaya. Mimi hadi leo nikiona kitenge cha rangi ile huvuka barabara.

Miaka ya mwanzo woga wangu ulikuwa wa kawaida. Nilipotumwa Momela kuchukua maji ya ziwani, nilichoogopa ni nyati tu. Maji yale ni magadi matupu, kila mtu anajua hayanyweki, kwa hiyo hayakunikosesha usingizi. Kwenye mashamba ya maua niliogopa mbwa. Tulikuwa tunakwenda sana huko kwenye maua, kwa sababu kila samaki alipokufa mtoni au povu lilipoonekana, watu walisema ni mbolea ya wenye maua. Mara nyingine ilikuwa kweli, mara nyingine haikuwa kweli. Lakini shamba kubwa lina geti, na geti linagongwa. Kuna meneja wa kumuuliza na tangi la kulipima. Tukazoea kuelekea kule kwenye mageti, na migomba tukaipita tu tukiisifia.

Ndiyo sababu kesi iliyonizeesha ilitoka kwenye migomba.

Juu ya Usa River, ukipandisha kupita vihamba, yaani yale mashamba ya nyumbani yenye kahawa chini ya migomba, kuna chemchemi ambayo jina lake silitaji. Nyote mnajua maji ya mlima wetu yana floraidi, yanabadilisha meno ya watoto kuwa ya kahawia, na yakizidi sana yanapinda hata mifupa. Kuna pampu na mifereji kote kule, na watu wazima wanakunywa humo na kutabasamu na kahawia yao. Chemchemi ile haina floraidi ya kutisha. Wenyeji walilijua hilo kabla hatujapeleka kipimo chochote. Waliangalia midomo ya watoto, wakajua.

Basi wakajiwekea utaratibu. Maji yale waliyaita maji ya meno. Yalikuwa ya mama mjamzito na ya mtoto mpaka meno yake ya ukubwani yamalize kuota. Kila nyumba ilikuwa na dumu lake la pekee, limefungwa kitambaa cheupe kwenye mshikio, na mtu mzima hakuligusa hata kama kiu imemshika koo. Mgeni hakupewa. Mimi mwenyewe niliwahi kuomba nikaletewa ya pampu, na mwenye nyumba akaniambia bila kunionea haya, "Yako yameshaota, mama." Niliupenda utaratibu ule. Sikuwa nimeona mahali pengine watu wazima wakikubaliana kunywa yaliyo mabaya ili watoto wapate yaliyo mazuri.

Siku niliyokwenda kuipima chemchemi ile nilikwenda bila wasiwasi. Masika yalikuwa yamemalizika karibuni. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, safi kabisa, unaona mpaka changarawe chini. Nikazamisha karatasi. Ikaanza waridi, nikatulia kidogo, ikaendelea. Ikafika zambarau.

Nikasema karatasi imeharibika. Nikazamisha nyingine. Nikafungua kopo jipya nililotoka nalo stoo asubuhi ileile, nikazamisha ya tatu. Dereva wangu, Saitoti, kijana wa Kimaasai aliyekuwa anajua sura yangu kuliko mume wangu, akaacha kuchezea simu.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikamwambia, nikazipanga karatasi zote tatu juu ya jiwe.

Kwa wale wapya, naitreti ndiyo hii. Inatoka kwenye samadi, kwenye yurea, kwenye choo, kwenye kila kitu tunachokiita rutuba. Mtu mzima huipitisha bila shida kubwa. Mtoto mchanga anayenyweshwa chupa, damu yake hushindwa kubeba hewa. Anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini ndani anakosa pumzi. Na kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua wadudu, na naitreti si mdudu. Ni kama chumvi kwenye sufuria, maji yakipungua yenyewe inabaki na inazidi kukolea. Sasa fikirini mahali ambapo kila tone la chemchemi limetengewa watoto, na kila mama amefundishwa na kliniki, na sisi wenyewe pia, kuchemsha.

Nilipanda na Saitoti kutafuta chanzo. Hatukutafuta sana, harufu ilitupokea. Juu kule, mwenyekiti wa kamati ya mfereji wa kumwagilia, Mzee Nnko, alikuwa na banda la ng'ombe wa maziwa wanaofugiwa ndani, na nyuma ya banda lundo la samadi kubwa kama nyumba. Mfereji ulipita katikati ya lundo. Hii nayo ilikuwa kazi ya akili. Zamani nyumba ilikuwa na ng'ombe mmoja au wawili; lundo liliwekwa upande wa juu wa kihamba, siku ya zamu ya maji mfereji unafunguliwa, maji yanaiosha samadi na kuisambaza mpaka kwenye shina la mwisho la mgomba. Wanawake walipona kubeba vichwani. Lakini soko la maziwa mjini lilikua, ng'ombe wakaongezeka nyumba hadi nyumba, na kila aliyelima kabichi akaongeza na mfuko wa yurea. Mfereji ukaendelea kuosha kama zamani.

Nikapima umbali. Sheria inasema mita sitini kutoka chanzo cha maji. Lundo la Mzee Nnko lilikuwa mbali zaidi ya hapo, mbali kabisa. Sheria ilikuwa imeridhika. Ila mwamba wa Meru una matundu mengi, na kinachozama juu hutokea chini bila kuuliza mita. Sikuwa na amri ya kutoa wala faini ya kuandika. Nilikuwa na karatasi ya zambarau tu.

Mkutano wa mfereji ulifanyika uwanjani nje ya kanisa, baada ya ibada, jua limepanda. Nilieleza kadiri nilivyoweza. Mzee Nnko alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kofia yake magotini.

"Mama, karibu sana kwetu," akasema. "Wewe unakaa wapi?"

"Olasiti, mzee wangu."

"Mjini. Na huko mjini maji mnayo?"

"Yana mgao."

"Yana mgao." Akawageukia wenzake. "Mmesikia. Leo anasema chemchemi yetu ni chafu. Kesho watakuja na nguzo na waya wa senyenge, tusiikaribie. Keshokutwa bomba hilo linateremka, linaelekea Olasiti."

Watu wakacheka, nami nilijua si kicheko cha mzaha. Waliogopa kunyang'anywa, na hawakuwa wajinga kuogopa. Kila mmoja pale uwanjani alikuwa na hofu, lakini ya kwangu peke yake haikuwa na sura ya kuwaonyesha.

Ndipo akasimama bibi mmoja mwembamba, mwenye kitambaa cha umoja wa wanawake wa kanisa kichwani. Walimwita Bibi Eliseba. Meno yake yalikuwa ya kahawia iliyokolea.

"Bwana asifiwe. Mimi namshukuru huyu mama, amekuja kwa wema. Lakini asitutishe. Kama kuna uchafu, sisi tunachemsha. Mimi nachemsha asubuhi, nachemsha tena jioni yaleyale, mpaka yanabaki nusu. Ndiyo nampa mtoto."

Walimpigia makofi. Mimi sikungoja makofi yaishe.

"Bibi, shikamoo. Mtoto gani?"

"Marahaba. Mjukuu wangu, Upendo. Mama yake yuko kwenye maua, anafunga waridi, anarudi amechoka na maziwa yamemkatika. Nalea kwa maziwa ya kopo."

"Ana umri gani?"

"Bado mchanga. Mzuri sana, halii hata kidogo."

Nikamwomba twende nyumbani kwake tukamwone. Sikumaliza hata kumuaga mwenyekiti. Njiani nilijitahidi nitembee kawaida, na Bibi akawa ananisimulia jinsi mtoto alivyotulia wiki ile, analala tu, wala hasumbui watu. Kila sifa aliyoitoa ilinizidishia hofu.

Upendo alikuwa na jirani aliyeachiwa amwangalie hapo nyumbani, amefunikwa mablanketi kwa sababu walimwona midomo yake ina baridi. Nikaomba nimshike. Wenzangu, kitabu kinasema mtoto anakuwa wa buluu. Kwenye ngozi yetu msingoje buluu. Angalieni ndani ya mdomo, kwenye ulimi, chini ya kucha. Ulimi wa mtoto yule ulikuwa na rangi ya ubao wa shule. Kucha zake vilevile. Alifungua macho, akaniangalia kana kwamba niko mbali, akayafunga.

Nyuma yangu nilisikia kijiko kinagonga chupa. Bibi alikuwa anakoroga maziwa mengine kutoka kwenye sufuria lake la maji yaliyochemka mpaka nusu. Niliishika ile chupa mkononi mwake. Nilimshika mtu mzima mkono, nyumbani kwa watu, bila hata kuomba radhi.

"Unamnyima mtoto chakula?" akaniuliza, macho yamemtoka.

"Bibi yangu, twende hospitali. Twende sasa hivi. Usimpe hii."

Saitoti alikuwa ameshawasha gari. Alimtazama mtoto mara moja tu. "Mama, huyu amekuwa majivu," akasema kwa sauti ya chini, na akaendesha kwenye mawe yale jinsi ambavyo siku nyingine ningemfokea. Niliketi nyuma na Bibi. Yeye alimpakata mtoto, na kati ya miguu yake aliweka dumu lenye kitambaa cheupe.

"La nini hilo, Bibi?"

"Hospitali watampa ya bomba. Wataniharibia meno yake."

Njia nzima sikuondoa macho kwenye dumu lile. Niliogopa mtoto ataacha kupumua kabla ya lami, na niliogopa vilevile atalia, Bibi amhurumie na kumlowesha midomo. Hakulia. Nikaanza kuomba alie.

Daktari wa zamu, dada mwenye miwani na mikono ya haraka, alimwekea hewa ya mtungi, rangi isibadilike. Akachoma sindano, akavuta damu. Ilikuwa ya kahawia kama kakao. Akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akamgeukia Bibi kwa upole.

"Bibi, mtoto anakunywa maji gani?"

Bibi Eliseba akainama, akanyanyua dumu kwa mikono miwili, akaliweka juu ya meza ya daktari. "Haya hapa. Sijampa mengine tangu azaliwe."

Alilisema kwa fahari. Mimi niligeuka nikaangalia ukutani.

Dawa ya ugonjwa ule yenyewe ni ya buluu, wino mtupu, na siku ile ilikuwepo. Zingekuwa siku nyingine, sijui. Waliiingiza kwenye mshipa taratibu. Tulisimama pale, Bibi ananiuliza kwa nini wanamwekea mtoto wino, na mimi namwonyesha ulimi wa mtoto tu. Ulimi ukaanza kurudi rangi, kwanza ncha, kisha wote. Halafu Upendo akalia. Kilio kikubwa cha hasira, cha mtoto mwenye njaa. Saitoti, aliyekuwa mlangoni, akatoka nje, na tulipomkuta baadaye kwenye gari macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi.

Bibi alipoelewa, hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu. "Sasa nimpe maji gani?"

Swali hilo ndilo gumu kuliko yote niliyoulizwa kazini. Ya chupa ya dukani kwa miezi ile ya kopo, nikamwambia, na kanisa likasaidia. Baada ya hapo ya mvua, mvua ikiwepo. Na isipokuwepo?

"Ya pampu," nikasema.

Alijua maana yake. Alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga, kisha akalichukua lile dumu akaenda kulimwaga nje mwenyewe.

Mkutano uliofuata sikuhutubia. Alisimama Bibi. Mzee Nnko alilihamisha lundo lake kabla ya mtu mwingine yeyote, akachimba shimo upande wa pili wa tuta, akalisakafia saruji na kuliezeka mabati. Mfereji ukaacha kuosha mbolea. Wanawake wakarudi kubeba samadi vichwani na walinilaani kwa haki kabisa. Ilibidi nizunguke ofisi za watu mpaka mikokoteni ikapatikana. Wa kabichi walikubali kugawa yurea kidogokidogo, na kutoiweka mawingu ya masika yakishakusanyika. Msisitize hilo la masika, ndilo linalosahaulika kwanza. Na bomba la kwenda Olasiti halikuja. Mzee Nnko alikuwa akinikumbusha kila tulipoonana, "Bado nakuchunguza, mama."

Lakini kilichokwisha kuzama kilikuwa kimezama. Niliamini, kwa ugeni wangu wa mambo ya chini ya ardhi, kwamba msimu mmoja utatosha. Nilirudi kila baada ya masika. Zambarau. Zambarau. Kisha waridi iliyoiva, kisha mwaka mmoja ikarudi nyuma na sikulala. Tulichokuwa tunakichota ni mvua ya miaka iliyopita, imepitia kwenye lundo ambalo halipo tena. Hapo ndipo mliponipa jina la Mama Hofu, kwa sababu kila kihamba nilichokipita niliwaza kilichozama chini yake.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipanda tena. Upendo yuko shule sasa, ni msichana mwenye maswali mengi, na alinishikia kopo la karatasi kando ya chemchemi. Nikazamisha. Tukangoja wote wawili tumeinama. Ilibaki karibu nyeupe. Kivuli tu cha waridi, unakiona ukikitafuta.

"Imepona!" Upendo akasema, akacheka, na papo hapo akaziba mdomo kwa kiganja. Anafanya hivyo kila akicheka. Meno yake yote ya ukubwani yameshaota, na ni ya kahawia kama ya bibi yake.

Bibi Eliseba alikuwa amekaa juu ya jiwe, amezeeka sana. Kwenye mgongo wa mama yake Upendo kulikuwa na mtoto mwingine, mchanga, analala. Miguuni pa Bibi niliona dumu. Limesuguliwa kwa mchanga mpaka jeupe, na kwenye mshikio kitambaa kipya.

"Mama," akaniambia, "huyu tumpe?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, karibu nyeupe. Ningeweza kusema ndiyo, na pengine ingekuwa kweli. Nikaiona tena ile damu ya kahawia kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwambia wangoje masika yapite, wenzangu watakuja kupima tena, karatasi ikibaki hivi wampe. Bibi akatikisa kichwa kukubali, hakunibishia. Akalisogeza dumu kivulini, tupu vilevile.

Upendo ndiye aliyeniuliza, kiganja bado kiko mdomoni.

"Na wasipokuja?"

Masika yanakaribia kwisha, wenzangu. Nimewaandikia kwa sababu sikumjibu.